Mpaka Dawa Initoke

Duluth, Minnesota
9 Januari 2023

Babu yangu mpendwa,

Salamu hizi zinatoka kwenye meza ya jikoni kwangu mwenyewe! Nina meza, babu! Mguu wake mmoja ni mfupi, na Colby ameuwekea kipande cha ubao alichokichonga kwa mkono wake, na kila nikikitazama nacheka peke yangu kwa raha. Miezi mitatu sasa tangu harusi na bado nikisikia funguo zake mlangoni nakimbia kama nyumba inaungua. Yeye anaingia na mafuta ya lifti mpaka kwenye nyusi, ananiuliza, "Mke wangu, kuna nini?" Namwambia, "Hakuna kitu, nilitaka tu kukuona unavyovua buti." Najua unatikisa kichwa. Tikisa tu.

Hapa ziwa limeanza kuganda. Nimepata kazi kwenye duka la mikate na nimewafundisha kuoka kolachi za bibi, vile vimikate vitamu vya plamu. Vimekwisha kabla ya saa nne asubuhi! Laiti bibi Arlene angekuwepo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Mizinga ya vita ilikuachia sikio moja tu, na hilo nalo husikii nalo vizuri. Sasa nijibu, babu. Vile vidonge vya saratani unavimeza? Bado unangoja saa nzima kabla ya kula kama walivyokuagiza? Usiniandikie "nzuri tu." Wewe na bibi ndio mlionilea, najua "nzuri tu" yako ina maana gani.

Mimi na Colby tunakuja mwezi wa tano, siku ya kuwapiga ndama chapa. Nataka majirani wote wamwone mume wangu akishika mguu wa ndama na kuburuzwa kwenye matope. Nataka wewe umwone. Basi uwe na nguvu, babu, uwe umekaa juu ya farasi.

Mjukuu wako mwenye furaha kupita kiasi,
Tressa


Harlan Wells, Nebraska
27 Januari 2023

Tressa, uliyeniacha ukamfuata fundi wa lifti,

Barua yako imefika. Huku hatujambo. Theluji ni ya magotini. Yule ng'ombe jike mzee mwenye pembe moja amekufa, na Gus Wemhoff amenunua trekta jipya na hazungumzi habari nyingine.

Vidonge nameza. Naamka, nameza, nakaa nikilitazama jiko mpaka saa iishe. Uchovu upo. Si uchovu wa kazi, ule ungekwisha kwa kulala. Huu naamka nao. Joto nalo linanipanda ghafla kama mwanamke wa makamo, natoka nje bila koti na mbwa ananishangaa.

Siendi tena hospitali ya mjini, saa nne barabarani kwenda na nne kurudi. Wameweka skrini kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wetu wa askari wastaafu, pale ulipokuwa ukiweka viti siku za dansi. Damu natolewa kliniki hapa hapa, halafu mfamasia ananiita kwenye kioo. Jina lake Lorna Kittredge. Wenzangu wako chumba cha mbele wanacheza karata, na skrini ikilia Gus anapiga kelele, "Milo Sedlacek! Mchumba wako yuko kwenye kioo, chana nywele!"

"Sina nywele."

"Basi pangusa kipara!"

Yule mama haniulizi kama ni mzima. Siku ya kwanza nilimwambia nzuri tu, akasema, "Nimehudumia wafugaji miaka mingi, bwana Sedlacek. Wote ni wazima mpaka wanapozikwa. Niambie kazi gani umeiacha wiki hii."

"Sijaacha kazi."

"Uzio wa kaskazini?"

"Theluji imeufunika."

"Kwa hiyo umeuacha."

Akaandika. Basi unaona nilivyo mikononi mwa mtu.

Njooni mwezi wa tano. Mlete huyo mwizi.

Babu yako,
Milo


Duluth
18 Februari 2023

Babu, babu, babu!

Kaa chini kwanza. Umekaa? Sitauliza habari za ng'ombe wala za trekta la Gus, nitaziuliza barua nyingine. Mimi ni mjamzito! Mtoto atazaliwa mwezi wa tisa! Nilimwambia Colby akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa, akashuka taratibu sana, akanishika mabega, akapanda ngazi tena akamaliza ile taa, ndipo akashuka akalia. Nampenda mtu huyu, babu, mpaka naogopa.

Natapika kila asubuhi. Harufu ya hamira inanigeuza tumbo, na kazi yangu ni mikate! Jioni nafika nyumbani nimechoka mpaka nalala na koti. Lakini ni uchovu mtamu.

Mwezi wa tano nitakuja na tumbo langu. Nitakaa chumba changu cha zamani, nitakupikia, nitakupangia vidonge vyako kila asubuhi kama nilivyofanya ulipoanza kuvitumia. Nitakaa wiki mbili. Mkono wako wa baraka utakuwa wa kwanza kuwekwa juu ya huyu mtoto baada ya wa Colby. Nimeshaamua!

Nijibu upesi.
Tressa wako


Harlan Wells
20 Machi 2023

Tressa mjukuu wangu,

Nisamehe nimechelewa. Ng'ombe wanazaa, na ndama huja wakati ambao wewe hutaki. Tumepoteza wawili kwenye baridi. Waliobaki wanaruka.

Habari yako niliisoma nikiwa kwenye gari pale posta, nikaisoma tena, nikakaa pale mpaka mama wa posta akatoka kuuliza kama gari limekufa betri. Mungu akulinde. Mwambie Colby amefanya vizuri kumaliza taa kwanza.

Nilimuuliza Lorna, kwa ajili ya jirani, kama mwanamke mjamzito anaweza kukaa karibu na mtu anayetumia vidonge vyangu. Akaniangalia. "Huyo jirani ana mjukuu?"

"Jirani hana mjukuu."

"Mjamzito asiviguse kabisa," akasema. "Vinaweza kumdhuru mtoto. Mwambie jirani yako kwamba..." Hapo mtandao ukakatika, kama kawaida upepo ukivuma. Akabaki picha, mdomo wazi. Gus akasema nimemuudhi mchumba. Nikaenda zangu, nilikuwa nimeshasikia nililolitaka.

Wewe usiwe na wasiwasi. Mkija kila kitu kitakuwa safi. Nimeshaanza kusafisha.

Halafu nina habari njema. Nguvu zinarudi. Jana nimetengeneza ule uzio. Siku hizi nikiamka tu nakaanga mayai na nyama, nakula papo hapo, natoka. Nitakuwa juu ya farasi.

Babu


Duluth
2 Aprili 2023

Babu,

Shikamoo, na natumaini ndama wanaendelea. Huku barafu inavunjika ziwani, inalia usiku kucha. Tumbo limeanza kuonekana kidogo, nikisimama upande.

Barua yako ilinifurahisha mno. Nilimsomea Colby mezani kwa sauti, nikifika kwenye uzio nikapiga makofi. Yeye hakupiga. Akasema, "Rudia pale kwenye mayai."

Nikarudia.

"Si ulisema anatakiwa kungoja saa nzima baada ya vidonge ndipo ale?"

"Amesahau kuandika, basi. Wewe unamchunguza babu yangu?"

"Simchunguzi, Tressa. Nasoma alichoandika."

Nikamwambia hakulelewa na wewe, asijifanye anakujua. Nikamwambia maneno mengine. Tulinuniana siku nzima, babu, ugomvi wetu wa kwanza, na aliniwekea chai mlangoni akaenda kazini bila kunibusu. Nikakaa na barua yako. Nikaisoma "nimeshaanza kusafisha." Nikaisoma "nguvu zinarudi." Mimi ndiye niliyekosea, siyo Colby.

Umeacha kumeza, sivyo?

Nimempigia simu Lorna Kittredge. Alisema, "Siwezi kukuambia lolote kuhusu mgonjwa wangu. Hata kama ninaye siwezi kukwambia. Lakini hakuna sheria inayonizuia kusikiliza." Basi nikazungumza. Nilipomaliza akasema, "Asante. Wewe pumzika." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshika funguo za gari.

Unikasirikie ukitaka. Lakini nijibu. Nimechoka kukisia, na huyu mtoto ananichosha vya kutosha.

Tressa


Harlan Wells
19 Aprili 2023

Tressa,

Nilikasirika siku kadhaa. Sasa imekwisha. Ndama wote wako malishoni na majani yameanza.

Ndiyo, niliacha. Vile vikubwa tu, vya saratani. Vidogo vya kusindikizia niliendelea navyo kwa sababu hivyo havikutajwa.

Lorna hakuja kwenye kioo. Alikuja mwenyewe, saa nne za barabara, akaingia ukumbini na buti za mjini. Karata zikasimama. Gus akavua kofia. Akakaa mbele yangu pale pale, hakutaka chumba cha nyuma mpaka nilipoomba.

"Nani alikuambia uache?"

"Hakuna. Nimefanya hesabu mwenyewe."

"Hesabu gani?"

Nikamweleza. Ng'ombe akipigwa sindano, hauzwi wala hachinjwi mpaka siku zake za kungoja zipite, dawa imtoke mwilini. Kila mfugaji anajua hivyo, tangu mtoto mdogo. Mjukuu wangu anakuja na mimba, atalala nyumba moja na mimi, atanikumbatia. Nikaacha mapema ili mpaka mwezi wa tano niwe safi. Akishaondoka ningeanza tena.

Lorna akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Bwana Sedlacek, kuna mtu anataka kukula?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Gus akapiga kelele kutoka mbele, "Nyama yenyewe ngumu!" Wakacheka wote. Hata yeye alicheka, halafu nikaona anafuta macho.

Akanieleza yale yaliyokatwa na upepo. Wewe usiviguse vidonge, basi. Chupa ikae kwangu, imefungwa. Mimi nifunike choo na kuvuta maji mara mbili. Nguo zangu nifue mwenyewe. Kukumbatia si kitu, meza moja si kitu. Anasema alinipigia simu nyumbani tena na tena siku ile. Simu naisikia kama nyuki ndani ya kopo, wewe unajua.

Kisha akanionyesha kipimo cha damu. Namba ya saratani iliyokuwa chini imepanda, si kidogo. Ile nguvu niliyokuandikia ilikuwa ni kukosa dawa tu. Nimeanza kumeza tena. Hakuna anayejua kama itashika kama zamani. Uchovu umerudi siku ya tatu, kama mgeni anayejua ufunguo uliko.

Sasa nikuambie jambo ambalo bibi yako na mimi hatukuwahi kulisema. Kabla ya mama yako tulipata mtoto wa kiume, Anton. Aliishi alasiri moja. Mgongo wake ulikuwa wazi, mifupa haikuwa imefunga. Mimi nilikuwa nimerudi vitani mwaka mmoja tu. Kule walikuwa wanamwaga dawa ya kuua majani kutoka angani, inatuangukia, tunaoga kwenye mito ya huko huko. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia ni hiyo. Hakuna aliyewahi kuniambia si hiyo. Arlene hakuniuliza hata siku moja, na kutokuuliza kwake ndiko nilikoishi nako. Basi mtu aliponiambia tena kuna kitu mwilini mwangu kinachoweza kumdhuru mtoto, sikungoja kusikia mwisho wa sentensi.

Msije mwezi wa tano. Ningependa unikumbuke juu ya farasi.

Milo


Duluth
28 Aprili 2023

Babu,

Salamu zako za ndama nimezipata. Huku mvua.

Nimesoma habari za Anton. Nimemsomea Colby. Tulikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yetu imeshikana, mpaka kukawa giza na hakuna aliyewasha taa.

Tunakuja. Colby ameshaomba ruhusa kazini na ameninunulia glovu boksi zima, ingawa nimemwambia sitagusa chupa yako hata kwa fimbo. Ukifunga lango tutaruka. Kwa farasi au kwa kiti, mimi nakuja kumwona babu yangu, siji kuona maonyesho.

Meza vidonge.

Tressa


Duluth
30 Mei 2023

Babu yangu wa pekee,

Tumefika salama. Colby bado ana alama ya kwato kwenye paja na anamwonyesha kila mtu kazini! Anasema Gus alimwambia, "Kijana, ndama anashikwa mguu, hapigiwi magoti," na sasa anairudia mbele ya mafundi wenzake kama medali. Mimi nimerudi kwenye hamira, hainichukizi tena. Usiku nachoka mpaka mifupa, lakini nalala nikitabasamu.

Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti karibu na uzio na blanketi magotini, mwezi wa tano, na nilijua unaona aibu. Mimi sikuona aibu. Niliona majirani wakija mmoja mmoja kukuuliza kama chuma cha chapa kimepata moto wa kutosha, na wote wanajua jibu, walikuwa wanakuheshimu tu. Lakini siku zote hizo mikono yako ulikuwa umeificha mifukoni. Nikikukaribia unarudi nyuma. Nilikukumbatia ukasimama kama nguzo.

Ndiyo maana siku ya kioo nilikuomba niingie nawe. Sijapata kumpenda mtu kwa haraka vile kama nilivyompenda Lorna! Mtoto alipoanza kucheza nikasema, "Babu, anapiga teke, weka mkono!" Ukakataa. Na yeye kule kwenye skrini akavua miwani, akasogea mpaka uso ukajaa kioo, akasema, "Bwana Sedlacek, umenawa?"

"Nimenawa."

"Basi weka. Mimi naangalia. Kukiwa na neno lolote la kusema nitalisema mimi."

Ukaweka. Mkono wote, babu, mzito vile, na ukautoa tu pale nilipoanza kulia. Nikatoka nje kumwita Colby.

Niliporudi mlikuwa mmenyamaza, na njia nzima ya kurudi nyumbani hukusema neno. Nilidhani ni furaha. Sasa niko huku na sina hakika. Mlisema nini nilipotoka?

Nakubusu kipara.
Tressa


Harlan Wells
12 Juni 2023

Tressa mjukuu wangu,

Tumepata mvua nzuri. Majani ni ya magotini. Gus amekwama na trekta lake jipya na nimemvuta na langu bovu, basi mwezi huu si wote mbaya. Msalimie Colby. Aliposhika wale ndama hakulalamika na hakujisifu kwangu. Anatosha.

Ulipotoka Lorna alinisomea kipimo. Alikuwa nacho tangu asubuhi, akaacha kwanza niweke mkono. Namba haijashuka. Imepanda tena kidogo. Vile vidonge havifanyi kazi kwangu tena. Nilimuuliza kama ni kwa sababu niliacha. Akasema huenda, na huenda ningemeza kila siku bila kukosa na bado ingekuwa hivi, na hatajua kamwe, wala mimi. Hakunidanganya, namshukuru. Daktari amebadilisha, naanza vingine Jumatatu. Hivyo navyo wewe usiguse. Vinachosha zaidi, anasema. Sikujua kuna zaidi.

Nilimwomba asikwambie. Akasema hakuwa na nia ya kukwambia, hiyo ilikuwa kazi yangu, na akataka nimwahidi siku. Nikataja leo. Amepiga kwenye kioo asubuhi hii kuuliza kama nimeandika, na Gus na wenzake wote walinyamaza wasikie. Nikamwambia naandika. Basi hii ndiyo barua yenyewe, ukumbini, juu ya meza ya karata.

Siogopi sana. Nimechoka tu. Nitavimeza vyote watakavyonipa, kwa kuwa nataka kuufikia mwezi wa tisa, na huo nautaka kuliko nilivyotaka kitu kwa miaka mingi. Lakini sitakuahidi.

Ikiwa sitaufikia, usimwambie huyo mtoto kwamba babu yake mkubwa hakuwahi kumshika. Mwambie nilimshika, mkono wote, mchana, nikiwa nimenawa, na shahidi yupo.

Milo